Meno ya Rafiki wa Mama

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ni fundi wa meno. Nalisema waziwazi tangu mwanzo kwa sababu katika ukoo wetu, ambao ni ukoo wa walimu, jambo hili limesemwa kwa kuzungukazunguka kwa muda mrefu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, alizoea kuwaambia wageni kwamba kitinda mimba wake "yuko upande wa udaktari wa meno". Mgeni akitaka kujua yuko hospitali gani, Mama alimuuliza kama chai imekolea sukari. Mwenyewe akiwapo hakuwa na haya. "Mimi fundi, mzee wangu," alimwambia mgeni. "Daktari ana kiti, mimi nina meza." Mume wangu, ambaye ndiye aliyemtetea alipoacha masomo ya udaktari akaenda kujifunza ufundi, alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. Mimi nilikuwa najishughulisha na vikombe.

Mume wangu hayupo tena, na juzi kwenye hafla moja nilimsikia mtu akimwita shemeji yangu "mchonga vigego", watu wakaangua kicheko. Sikujibu pale, kwa sababu hapakuwa mahali pake. Najibu hapa.

Nyumbani tunamwita Kipimo. Jina alipewa na kaka yake walipokuwa wadogo, kwa sababu mkate ukikatwa alikuwa anaweka vipande viwili mgongo kwa mgongo kabla ya kuchagua. Leo ni mtu mzima mwenye mvi na bado yuko vilevile. Hanunui kabati kabla ya kupima mlango, ngazi na kona ya ngazi. Akikaribishwa kiti, anakitikisa kwanza. Ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mara nyingi utamkuta anatafuta ya tatu. Wanangu humwita Baba Mdogo, na ingawa wote wana nyumba zao, hakuna anayethubutu kupigilia msumari wa picha ukutani kabla Baba Mdogo hajafika na kamba yake ya kupimia.

Karakana yake iko ghorofani, juu ya duka la vioo. Ukipanda ngazi unapokewa na harufu ya nta na spiriti, kisha unayaona mataya. Yamepangwa rafuni, ya plasta nyeupe na ya njano, kila moja na kikaratasi chake, yote yamekaa wazi kama wanakwaya waliosahau wimbo. Pembeni, chini ya kifuniko cha rangi ya chungwa, ipo printa yake, ambayo haichapi karatasi. Inachota plastiki ya majimaji na kuigandisha kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kinainuka kutoka kwenye beseni lake kikidondosha matone.

Kwa mashine hiyo anatengeneza kitu wanachokiita kielekezi. Ni bamba la plastiki linalopitisha mwanga, ambalo hukaa mdomoni mwa mgonjwa siku ya kupandikizwa meno. Bamba lina matundu yenye pete za chuma. Daktari anapitisha keekee yake ya kutobolea humo, na skrubu itakayobeba meno mapya inaingia kwenye mfupa wa taya palepale palipopangwa, kwa kina kilekile na mwelekeo uleule. Nilimuuliza siku moja ugumu wake uko wapi.

"Mwenye meno hana tabu," alinijibu. "Bamba linajishikiza kwenye meno yaliyobaki. Kazi iko kwa yule asiye na hata jino moja. Hapo bamba unalilaza juu ya ufizi, na ufizi ni godoro, shemeji. Ukiegemea upande, unabonyea upande."

Sasa niseme habari za Mama. Mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje umri wake.

Katika nyumba yetu Mama hakuwa na meno ya bandia. Alikuwa na rafiki mwenye meno ya bandia. Nilipoolewa niliukuta utaratibu huo na sikuhitaji kufundishwa. Seti ikipata ufa, Mama alinipa kasha la miwani lililofungwa kwa leso. "Kuna rafiki yangu mmoja meno yake yamepata matatizo," alikuwa akisema huku akitazama dirishani, mkono mdomoni. "Ana haya. Mpelekee shemeji yako, umwambie asiulize maswali." Kisha aliingia chumbani, akasema kichwa kinamuuma, na kichwa kiliendelea kumuuma mpaka niliporudi.

Kipimo hakuuliza. Meno yale alikuwa ameyaona mezani tangu akiwa mtoto, kila alipokemewa kwa kuchelewa kula, na asingeyakosea hata gizani. Aliyaziba, akayang'arisha, akayarudisha kwenye kasha. Mara moja tu alitoa ushauri. "Mwambie rafiki wa Mama aache kukata uzi kwa meno." Nilifikisha salamu. Jioni ileile nilimwona Mama, anayeshona vitambaa vya meza, akipekua droo zote kutafuta mkasi.

Niliupenda utaratibu huo na bado naona ulikuwa wa heshima. Kila mtu alijua, hakuna aliyefedheheka.

Tatizo lilikuwa kwamba taya lisilo na meno halikai jinsi lilivyo. Mfupa unasinyaa pole pole, kama sabuni inavyoisha mkononi, na seti iliyokaa vizuri jana inaanza kuogelea. Seti ya chini ya Mama iliogelea. Yeye ndiye aliyekuwa akitusomea gazeti wakati wa kifungua kinywa, kwa sauti ya darasani, akiwasahihisha waandishi sarufi yao. Akaanza kuruka maneno marefu. Baadaye akawa anasoma kimya na kutuonyesha kwa kidole. Simu ikilia alinipa mimi. Tukialikwa mahali alisema ameshakula, kisha nilimkuta jikoni usiku akilowanisha kipande cha mkate kwenye chai.

"Rafiki wa Mama anaendeleaje?" Kipimo aliniuliza mlangoni siku moja.

"Anakonda," nilimjibu.

Jumapili iliyofuata alikuja kula chakula cha mchana kwetu, na alipomaliza akaanza kuuambia ukuta kwamba siku hizi hata mtu asiye na jino hata moja anaweza kusaidiwa. Anapandikizwa skrubu chache tu kwenye taya la chini, na seti yake inabanwa juu yake kwa vifungo, inakaa kimya kama meno ya kuzaliwa nayo. Yuko daktari anayefanya naye kazi, mama mmoja hodari sana.

"Rafiki yangu anaogopa kuchanwa," alisema Mama bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Mwambie hachanwi sana, Mama. Ndiyo maana kuna kielekezi. Daktari hapapasi."

"Na hicho kielekezi anakitengeneza nani?"

"Fundi mmoja."

"Fundi huyo ni mwangalifu?"

"Anajitahidi."

Mama alitafuna tonge lake kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Nitamwambia," alisema.

Basi nikampeleka. Mlango wa daktari ulipofungwa Mama alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine, na daktari, mwanamke mwenye nywele fupi na kicheko cha kusikika mpaka mapokezi, alimwambia ukweli bila kumpaka mafuta. Mfupa wa chini umebaki mwembamba. Unatosha, lakini unatosha kwa sasa. Akiendelea kusubiri, hapatakuwa na pa kushikia skrubu. Tulipotoka nje na kuingia kwenye gari, Mama alifunga mkanda na kusema, "Rafiki yangu atashukuru."

Kazi ya asiye na meno huanza na seti yake mwenyewe, maana ndiyo peke yake inayojua jinsi ya kukaa juu ya ufizi ule. Kipimo aliiwekea vitone vya dawa inayoonekana kwenye picha. Kisha hupigwa picha za skani mara mbili: kwanza mgonjwa akiwa ameivaa na kuuma kwa nguvu, halafu seti peke yake. Kompyuta inavilinganisha vitone, na hapo fundi anaona mfupa, ufizi na meno kwa pamoja, kila kimoja mahali pake. Kielekezi kinatengenezwa kwa umbo la seti hiyo. Seti ikikaa vibaya siku ya picha, na kielekezi kitakaa vibaya siku ya upasuaji.

Kwa hiyo Kipimo alinipa kasha la miwani, na ndani yake kipande cha mpira mgumu cha kuuma, pamoja na maagizo. "Mwambie rafiki wa Mama, siku ya picha asipake gundi, asiweke pamba, asiweke chochote. Seti ikae juu ya ufizi mtupu. Tafadhali, shemeji."

Nilifikisha neno kwa neno. Mama alisema, "Nitamfikishia." Hakuuliza sababu. Angewezaje kuuliza? Mwenye kuuliza sababu ni mwenye meno.

Siku ya picha tulifika mapema. Kijana wa mashine alitoka akiwa na koti jeupe, akasoma jina, akamtazama Mama, uso ukamchanua. "Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu! Hunikumbuki? Ulinichapa kwa ajili ya herufi kubwa!"

Mama aliitikia kwa kichwa, midomo imebanwa. Akanong'ona kwamba anaomba kwenda msalani kwanza. Alikaa huko kidogo, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alimwuliza yule kijana habari za mama yake, za dada yake, na kama sasa anaandika jina lake kwa herufi kubwa. Maneno yalitoka yamenyooka. Nilifurahi kumsikia. Niliketi nje nikidhani ni furaha ya kumwona mwanafunzi wake.

Siku chache baadaye Kipimo aliniita karakanani. Nilimkuta mbele ya kompyuta, miwani zote mbili zikiwa kwenye paji la uso.

"Shemeji, tazama hapa. Huu mweupe ni mfupa. Huu wa kijivu ni ufizi. Hapa juu ni seti. Sasa hiki cheusi katikati ni nini?"

Ulikuwa mstari mweusi, mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, kama kivuli chini ya mlango.

"Uchafu wa picha?" nilisema.

"Hewa. Pamba imejaa hewa. Ameikunja, akaipaka gundi, akaiweka humu." Alikuna kidevu. "Nani alikuwa kwenye mashine?"

Nilimweleza habari za yule mwanafunzi. Kipimo alifumba macho. "Asingeweza kumwitikia mwanafunzi wake na meno yanaruka," alisema pole pole. "Maskini Mama." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitamka jina hilo badala ya rafiki, nikageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

"Si unaweza kuisogeza hapohapo kwenye kompyuta?" nilimuuliza.

"Naweza. Tazama." Alishika kipanya, akaivuta seti chini taratibu mpaka mstari mweusi ukatoweka. Picha ilipendeza kabisa. "Unaona? Imekaa vizuri sana. Lakini nimeikalisha mimi. Ufizi wake haujasema kitu." Akairudisha ilipokuwa.

Simu ililia. Alikuwa daktari, naye ameshaiona picha. Sauti yake ilisikika mpaka nilipokaa. "Fundi, turudie. Na safari hii uje mwenyewe kwangu tuikaze seti pamoja kwenye kiti kabla ya picha. Ufizi wake wa mbele ni mlegevu, unacheza. Nataka uuone kwa macho yako ujue pa kulegeza bamba. Mimi nikikueleza kwa mdomo tutakuwa tunapigiana ramli."

Alipokata simu tulitazamana.

"Hatakubali," nilisema. "Hajawahi kumfungulia mtu mdomo isipokuwa daktari. Hata baba yenu, Mungu amrehemu, sijui kama alimwona. Mpe rafiki yake barua, mpe..."

"Rafiki ndiye aliyetuponza, shemeji."

"Ni heshima ya mama yako unayoichezea."

"Ni taya lake," alisema. Hakuinua sauti. Kipimo hajawahi kuniinulia sauti.

Alikuja nyumbani kesho yake. Mama alikuwa sebuleni na kitambaa chake cha meza mapajani. Kipimo alimwamkia, akatikisa kiti, akaketi. Mimi nilibaki karibu na kabati la vyombo.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya rafiki yako."

"Yupi?"

"Wa meno."

"Ana nini tena?"

"Picha zake hazifai. Aliweka pamba na gundi."

Sindano ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Picha."

"Labda alikuwa na sababu zake."

"Alikuwa nazo, na simlaumu. Lakini bamba nikilitengeneza kwa picha ile litakaa limeinama. Tundu likiinama, keekee nayo inainama, na huku chini unapita mshipa wa fahamu. Ukiguswa, mdomo unakufa ganzi. Supu itamdondoka kidevuni mbele za watu naye asijue."

Mama aliitazama sindano. "Basi kisia. Wewe si fundi? Ufundi wa miaka yote hiyo!"

"Angekuwa mtu mwingine ningekataa kukisia. Kwa huyu nakataa mara mbili."

"Mara mbili kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye aliyenizaa."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama alikunja kitambaa chake kwa mikunjo ya shuleni, pembe juu ya pembe, akakiweka kwenye kikapu, akainuka, akaingia chumbani. Ufunguo ulizunguka.

"Umefurahi sasa?" nilimwambia Kipimo.

"Sijafurahi."

"Miaka yote ya kumstiri, umemvua kwa sentensi moja!"

Alikuwa ameinamisha kichwa, akichezea pindo la shati. "Shemeji, kaka angekuwepo angefanyaje?"

Mume wangu angecheka kwanza, halafu angeenda kugonga mlango wa mama yake na kuongea naye kupitia tundu la ufunguo mpaka afungue. Sisi wawili hatuna kipaji hicho. Kipimo aliona fremu ya picha ya kaka yake imekwenda upande, akainuka akainyoosha, akarudi kukaa. Chai ilipoa. Nilishaanza kufikiria jinsi nitakavyompigia daktari kumwambia basi, tumeshukuru, imeshindikana.

Mlango ulifunguliwa. Mama alikuwa amevaa viatu vya kutokea na amebeba mkoba.

"Huyo daktari anafunga saa ngapi?" alimwuliza mwanawe. Kabla hajajibu, akaongeza, "Na ufunge hiyo mikono ya shati. Unakwenda hospitali, huendi kuosha gari."

Kwa daktari, Mama alikaa kwenye kiti kile kirefu kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Alinishika mkono, kisha akauachia. Kipimo alisimama kando ya sinki, amenawa, amevaa glovu, hajui aangalie wapi.

"Geuka," Mama alimwambia.

Akageukia ukuta. Mama aliitoa seti ya chini, kisha ya juu, akaziweka kwenye trei. Uso wake ukajikunja ndani, ukawa mdogo. Mimi nami nilitazama sakafuni.

"Haya," alisema Mama. Sauti yenyewe ilikuwa imebadilika, imekuwa ya upepo.

Kipimo aligeuka. Nilikuwa nimejiandaa kumfinya kama angetokwa na machozi au neno la kumhurumia. Hakufanya hivyo. Alishusha miwani moja kutoka kwenye paji la uso, akainama chini ya taa, akatazama jinsi anavyotazama kazi. Daktari alimwonyesha ufizi wa mbele, akausukuma kwa kidole, nao ukalegea kama ncha ya sikio.

"Nimeuona," alisema Kipimo. "Hapa bamba litapita juu, halitagusa. Uzito tutaupeleka huku nyuma, kugumu." Aliendelea kutazama, kichwa upande. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Shemeji, hebu njoo. Taya la kaka hili. Ona kona yake."

Nilikwenda. Mama alinitazama kwa macho makali, lakini hakufumba mdomo. Na kweli, bila ya meno kulizuia, taya la Mama lilikuwa limebaki mstari wake tu, na mstari ule niliujua. Niliulalia karibu maisha yangu yote ya ndoa. Nilimshika Mama bega, nikasema ni kweli.

"Mmemaliza kunisifia?" aliuliza Mama kwa sauti yake ya upepo. "Mate yananikauka."

Daktari alicheka mpaka mapokezi wakachungulia.

Waliikaza seti kwa dawa laini inayoganda, wakiitoa na kuirudisha mpaka ikakaa bila kuyumba. Tulipokwenda kupigwa picha mara ya pili, yule kijana alimwamkia tena mwalimu wake, na mwalimu akamwitikia kwa kumpungia mkono tu, kipande cha mpira kikiwa mdomoni, hana pamba wala gundi. Kipimo alipofungua picha hakukuwa na mstari mweusi popote.

Hapo ndipo nilipomwona shemeji yangu akifanya kazi, maana niliacha kujifanya napita tu. Alipanga skrubu moja moja kwenye kompyuta, akiligeuza taya juu chini, akihakikisha ziko mbali na mshipa. Daktari alizikagua kwake, akaisogeza moja, akamrudishia. Kielekezi kilipotoka kwenye printa Kipimo alikiosha kwa spiriti, akakiweka chini ya mwanga kikomae, akakata vijiti vilivyokishikilia, akabandika zile pete za chuma. Kwenye taya la plasta kilikaa kimya kabisa. Nilipompongeza alikunja uso. "Kwenye plasta kila kitu kinakaa. Plasta haina roho."

Wakakijaribu mdomoni mwa Mama. Alipouma, ufizi ulipauka chini ya plastiki, kama ncha ya kidole unapoibonyeza kwenye kioo. Upande mmoja ulipauka kabla ya mwingine. Kipimo alikwangua kidogo sana, kiasi cha vumbi, akarudisha. Akakwangua tena. Mara ya mwisho ufizi ukapauka wote kwa pamoja, naye akashusha pumzi ndefu iliyoipeperusha karatasi ya daktari.

Siku ya upasuaji tuliketi kwenye korido, mimi na yeye. Alitikisa viti vyote kabla ya kuchagua kimoja, halafu hakukikalia. Alinyoosha fremu ya cheti ukutani. Akasoma maelezo ya kizima moto. "Shemeji, kaa chini, unanizungusha kichwa," nilimwambia. Alikaa, akasimama.

Daktari alitoka akivua kofia. "Fundi, limekaa halikutikisika. Tulipoingiza pini za kulishikilia sikuligusa tena mpaka mwisho."

"Na mshipa?"

"Mshipa umelala usingizi wake."

Kipimo alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kukitikisa, akafunika uso kwa mikono. Nilimpigapiga mgongoni kama alivyokuwa akifanya kaka yake. Sindano ya ganzi ilipokwisha nguvu alimgusa Mama kidevuni kwa ncha ya pamba, kulia, kushoto, na katikati. "Unasikia, Mama?"

"Nasikia," Mama alisema kwa kuvuta maneno. "Nasikia pia tumbo lako linanguruma. Nenda ukale."

Daktari alisema seti zote mbili zisivaliwe mpaka vidonda vitakapokauka. Hilo nililipangia tangu mapema. Nilishusha mapazia ya sebuleni, na kwa majirani nilisema Mama ana mafua mabaya, haongei. Kipimo alikuja kila siku na supu ya viazi aliyoisaga mwenyewe, laini kama nta iliyoyeyuka, na alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake akihakikisha haitafuni upande wowote.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Nilichungulia. Alikuwa mwalimu mwenzake wa zamani, mwanamke mwema, lakini ukimwambia kitu asubuhi, mchana unakisikia sokoni kimeongezwa mikono na miguu. Nilifungua nusu.

"Nimesikia ana mafua," alisema.

"Amepumzika," nilisema. "Labda kesho."

"Sijapumzika!" Sauti ilitoka sebuleni. "Mkaribishe."

Nilirudi ndani haraka, nikanong'ona, "Mama, hujavaa."

"Nimevaa gauni."

"Meno, Mama!"

Kipimo alikuwa ameshika kijiko hewani. Mama alijifuta mdomo kwa leso, akaweka vizuri kilemba chake, akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wazazi waliokuja shuleni na visingizio. Akaanza na pazia. "Fungua hapo, mwanangu. Nakula kama mwizi." Nililifungua. Mwanga ukamwangukia usoni, kwenye mashavu yaliyozama na kidevu kilichovimba, na hakugeuka.

"Ingia, mwenzangu," alimwita mgeni. "Sina meno. Kaa hapa mbele unisikie vizuri. Huyu ni mwanangu, ni fundi, ndiye anayenitengenezea. Ila nakuomba kitu kimoja, usinichekeshe, nina nyuzi."

Mgeni hakuwa hata ameketi, na Kipimo alishaanza kucheka, supu ikimmwagikia gotini. Mama alimwambia akome, alipomtazama usoni akashindwa, akashika shavu kwa mkono mmoja na kumpiga kofi la bega kwa mwingine, akicheka na kulalamika kwamba inauma, inauma, jamani mtoeni huyu.